Kibao cha Kukataza Kulala: Je, Mwenye Gari-Nyumba Alazimika Kukitii?

(Mhadhara uliotolewa mbele ya waumini baada ya Sala ya Isha)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwendo wao mwema.

Ama baada ya hayo. 

Tumeletewa swali na ndugu zetu waishio Uingereza, nasi tumeona lafaa kujibiwa mbele ya jamaa wote, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalomgusa kila anayetumia njia. Huko kuna magari makubwa ambayo ndani yake mna vitanda, jiko na aghalabu choo. Familia huingia humo na kusafiri siku kadhaa bila ya kuhitaji hoteli. Katika mazungumzo yetu haya tutayaita magari-nyumba. Wakati wa likizo ya kiangazi wengi huyaelekeza Scotland, kwenye milima, maziwa na fukwe. Wafikapo mahali pazuri jua likichwa, hukuta kibao kinachokataza kuegesha au kulala usiku. Hapo ndipo ndugu zetu walipohitilafiana. Baadhi wanasema kibao hicho hakimfungi mtu asiyemdhuru yeyote. Wengine wanasema katazo ni katazo. Wanatuuliza, ni ipi kauli iliyo sahihi?

Jibu letu kwa muhtasari ni hili. Kibao kilichowekwa kwa mujibu wa sheria, au kilichowekwa na mwenye milki yake, chapasa kutiiwa hata usiku ambao hapana mlinzi. Mwenye kuamini kuwa kibao hicho ni cha dhulma, njia yake ni kukipinga mchana mbele ya waliokiweka, wala si kukivunja usiku wakiwa wamelala. Na hao waliokiweka nao wana wajibu wao, ambao hatutaunyamazia.

VIBAO HAVILINGANI

Kabla ya kuhukumu, yafaa tujue ni nani aliyekataza na ni kitu gani hasa alichokikataza.

Kwanza, kuna kibao kilichosimama juu ya amri ya kisheria. Nchini Uingereza, sheria ya usimamizi wa barabara ya mwaka 1984 huzipa mamlaka za barabara uwezo wa kutoa amri za maegesho. Amri ya kudumu ya namna hiyo haizuki ghafla. Kwa upande wa England, halmashauri hulazimika kwanza kutangaza kusudio lake hadharani, na wananchi hupewa muda usiopungua siku 21 wa kuandika pingamizi zao. Hata baada ya amri kutolewa, anayedai kuwa imetolewa kinyume cha sheria ana wiki 6 za kuifikisha Mahakama Kuu.

Pili, kuna kibao cha mwenye milki: mwenye shamba, mwenye duka, au mwenye hoteli aliyetenga maegesho kwa ajili ya wateja wake. Huyu hahitaji idhini ya halmashauri ili aseme hapana. Kulala hapo bila ya ridhaa yake ni kutumia mali ya mtu bila ya haki, na katika hilo hapana mjadala.

Tatu, kuna kibao ambacho ni ombi tu, kilichosimamishwa na wakazi au hata na ofisi fulani bila ya amri yoyote nyuma yake. Mtu hatozwi faini kwa kukipita. Hata hivyo, mtu wa heshima huombwa mara moja tu. Akiweza kusogea hadi mahali pengine bila ya taabu, asogee.

Vilevile kuna tofauti baina ya kuegesha na kupiga kambi. Mwaka 2008 mamlaka ya usafiri barabarani ya Hispania ilitoa maelekezo yanayoeleza jambo hili vizuri: gari-nyumba lililosimama kwa magurudumu yake tu, lisilotandaza kitu nje ya mwili wake, na lisilomwaga maji wala uchafu, hilo limeegeshwa kama gari jingine lolote, hata kama ndani yake mna watu. Likitoa turubai, meza na viti, hapo limekuwa kambi. Basi msafiri akisome kibao vizuri. Asijikataze yaliyoruhusiwa, wala asijiruhusu yaliyokatazwa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Tumezikusanya hoja za wale wanaosema kuwa kibao hakina nguvu, na tutazijibu moja baada ya nyingine, kwa uadilifu.

Hoja ya kwanza: Scotland kila mtu ana haki ya kutembea na kulala popote.

Hoja hii ina ukweli nusu, na ukweli nusu hupoteza watu wengi. Ni kweli kwamba sheria ya mageuzi ya ardhi ya Scotland ya mwaka 2003 iliwapa watu wote haki ya kupita kwenye sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi hiyo, na kupiga hema humo kwa adabu. Lakini haki hiyo ni ya mwenye miguu, mwenye baiskeli, mwenye farasi na mwenye mtumbwi. Vyombo vya moto vimetolewa nje ya haki hiyo, isipokuwa chombo kinachomsaidia mlemavu. Mwenye gari-nyumba hana fungu hapo.

Wengine hutaja yadi 15, yaani kama mita 14, wakidai kuwa sheria inamruhusu dereva kuacha barabara kwa umbali huo na kulala. Sheria ya barabara ya mwaka 1988 husema tu kwamba anayeingia umbali huo kwa ajili ya kuegesha hahesabiwi kuwa ametenda kosa la kuendesha nje ya barabara. Haikumpa haki ya kuegesha juu ya ardhi ya mtu, wala haikumwondolea mwenye ardhi haki ya kumwambia aondoke. Kuondolewa kosa moja si kupewa ruhusa ya mambo yote.

Hoja ya pili: ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu.

Naam, ardhi yote ni ya Allah (s.w.), na sisi sote ni waja wake. Lakini tumwangalie anayeitoa hoja hii. Akishaegesha, hufunga mlango wa gari lake kwa ufunguo, na mgeni akiingia bila ya hodi atapiga kelele. Kumbe anakiri kuwa mtu ana haki juu ya mahali alipo! Basi haki anayoidai kwa mlango wake, awape na wenye kijiji kwa kijiji chao. Aliyeiumba ardhi ndiye aliyeamrisha haki za jirani na kutekeleza ahadi. Na anayeingia nchi kwa viza, au anayeishi humo kwa uraia, ameingia kwa ahadi ya kushika sheria zake maadamu hazimwamrishi kumuasi Mola wake. Kuambiwa usilale kwenye maegesho ya ufukweni si kuamrishwa maasi.

Hoja ya tatu: gari letu ni moja tu, hatumdhuru mtu.

Hii ndiyo hoja kubwa, na ndiyo inayostahiki jibu refu. Mwaka 2015 ilizinduliwa njia ya kitalii ijulikanayo kwa jina la North Coast 500, inayozunguka kaskazini ya Scotland kutoka mji wa Inverness na kurudi hapo hapo, umbali wa maili 516, sawa na kilomita 830 hivi. Sehemu kubwa za njia hiyo ni barabara nyembamba zenye nafasi ya gari moja tu. Ili magari yanayokabiliana yapite, zimetengenezwa nafasi ndogo za kupishana kando ya barabara. Kanuni za barabara za Uingereza zinakataza kuegesha kwenye nafasi hizo. Gari-nyumba likilala hapo, gari la wagonjwa litakalokuja usiku halina pa kupishana na jingine. Mwenye gari atasema hakumdhuru mtu, kwa sababu tu alikuwa usingizini.

Kisha kuna jambo la uchafu. Choo cha gari-nyumba huhifadhi uchafu ndani ya tangi, na tangi hilo lazima limwagwe mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Anayekwepa kambi kwa kukwepa gharama yake, aghalabu hukosa pia mahali pa kumwaga. Matokeo yake ni tangi kumwagwa mtaroni au kwenye kijito. Wale wenye magari madogo yasiyo na choo huenda nyuma ya ukuta au kichakani. Mtume wetu (s.a.w.) alikwisha kutuonya juu ya kujisaidia kwenye njia ya watu na kwenye kivuli wanachopumzikia. Je, ufukwe wanaochezea watoto wa kijiji si katika hayo?

Na kuhusu umoja wa gari: kila aliyelala hapo jana alikuwa na gari moja, na kila atakayelala kesho atakuwa na gari moja. Kijiji chenye nyumba ishirini hakihesabu moja moja, bali huhesabu msimu mzima. Kibao hakikuwekwa kwa ajili ya gari lako peke yake. Kiliwekwa kwa ajili ya jumla ambayo wewe ni sehemu yake. Mwenye kusema "mimi ni mmoja tu" anataka watu wengine wote watii ili uasi wake usionekane.

Hoja ya nne: faini ni nafuu kuliko kambi, tutalipa.

Ndugu zetu, hili ni kosa la kufahamu. Faini si kodi ya pango. Anayelipa pango hununua ruhusa, na anayelipa faini ameadhibiwa kwa kufanya asiloruhusiwa. Lau kila katazo lingekuwa na bei, basi maskini peke yake ndiye angebanwa na sheria, na tajiri angeinunua kama anavyonunua mkate. Na yule anayepiga hesabu kuwa askari hapiti baada ya saa nne za usiku, ajiulize: amejifunza kumcha nani? Tunawafundisha watoto wetu madrasa kuwa Allah (s.w.) anaona gizani kama anavyoona mchana. Mtoto aliyelazwa chini ya kibao cha katazo, akamsikia baba yake akisema "hapana atakayetuona", amefundishwa somo la kinyume na lile la madrasa. Na somo la safarini hukaa moyoni kuliko la ubaoni.

Hoja ya tano: makatazo haya yamewekwa kuwanufaisha wenye hoteli na kambi.

Huenda mahali fulani ikawa kweli. Hatusemi kuwa kila halmashauri ni adilifu. Lakini tazameni namna ya kuliendea jambo hilo. Nchini New Zealand, sheria ya mwaka 2011 iliruhusu watu kulala bure kwenye ardhi ya halmashauri, isipokuwa pale palipowekewa mipaka. Halmashauri zikapewa uwezo wa kutunga sheria ndogo za kukataza kwa sababu maalumu: kulilinda eneo, kulinda afya na usalama wa watu, na kulinda njia ya kufikia mahali hapo. Wala hazikuruhusiwa kukataza eneo lao lote moja kwa moja. Mwaka 2023 Bunge la huko likaongeza sharti kuwa gari la kulala kwenye ardhi hiyo liwe limethibitishwa kujitosheleza, na choo chake kiwe kimefungwa humo kwa kudumu, ila pale halmashauri iliporuhusu vinginevyo. Sharti hilo liliwekewa muda wa mpito.

Sasa, chama cha wenye magari-nyumba cha nchi hiyo kiliona kuwa baadhi ya halmashauri zimevuka mipaka. Kiliwaambia wanachama wang'oe vibao? La. Kilikwenda mahakamani. Mwaka 2014 kilipinga sheria ndogo ya halmashauri ya Thames-Coromandel, na Mahakama Kuu haikukubaliana nacho. Hakikukata tamaa. Mwaka 2024 kilipinga sheria ndogo ya mwaka 2021 ya halmashauri ya Queenstown Lakes, na safari hii Mahakama Kuu ikaifuta, kwa kuwa halmashauri ilizingatia mambo ambayo sheria haikuiruhusu kuyazingatia. Ushindi huo haukumnufaisha mtu mmoja kwa usiku mmoja, bali uliwanufaisha wote. Anayekivunja kibao kwa siri hakiondoi. Asubuhi huondoka yeye, na kibao hubaki palepale kikiwazuia wenziwe waaminifu.

JE, MWENYE DHARURA?

Mtu atauliza: dereva aliyezidiwa na usingizi aendelee kuendesha kwa sababu ya kibao? Haiwezekani. Uhai wa watu hutangulizwa mbele ya utaratibu wa maegesho. Kanuni za barabara za Uingereza zenyewe zinamshauri dereva apumzike walau dakika 15 kila baada ya saa mbili za safari, na asiendeshe akiwa amechoka. Aliyezidiwa na asimame mahali pa kwanza palipo salama, alale kiasi cha kumwondolea hatari, kisha aondoke. Akiulizwa, aseme kweli.

Lakini dharura hupimwa kwa kiasi chake. Aliyepanga tangu nyumbani kulala kwenye mandhari ya ziwa, akanunua nyama ya kuchoma na kubeba viti, huyo hana dharura, bali ana matamanio. Wala asiyefanya bidii ya kutafuta mahali pa halali asijiite mwenye dharura kila usiku kwa muda wa wiki nzima.

WAJIBU WA WANAOWEKA VIBAO

Tumesema kuwa hatutaunyamazia wajibu wa wenye mamlaka. Anayefunga mlango huu, na afungue mwingine. Serikali na halmashauri zinazowaita watalii kwa matangazo, kisha zikawawekea vibao vya katazo kila kona bila ya kuwaonyesha pa kulala wala pa kumwaga uchafu, zinawasukuma watu kwenye kosa. Katazo liwe na sababu inayojulikana, liwe na mipaka, na liandikwe kwa lugha iliyo wazi.

Na mifano mizuri ipo. Katika hifadhi ya taifa ya Loch Lomond na Trossachs, sheria ndogo za kambi zilianza kutumika tarehe 1 Machi 2017. Zina nguvu kuanzia Machi hadi Septemba, katika maeneo maalumu ya kando ya maziwa, na pamoja na katazo ulitengenezwa utaratibu wa vibali kwa wanaotaka kulala hapo. Na mwaka 2024 Halmashauri ya Highland ilianzisha mpango wa hiari ambao mwenye gari-nyumba alilipa pauni 40 kwa siku saba, akatumia maegesho kadhaa ya halmashauri usiku. Wapo walioulaumu mpango huo, hasa wenye kambi binafsi. Hata hivyo, mwenye kulipa alijua amelala kwa ridhaa, na fedha zake zilirudi kwa watu ambao njia zao amezitumia.

NASI TULIO MBALI NA MAGARI HAYO

Pengine mmoja wenu anasema moyoni: mimi sijapata kuliona gari-nyumba, mhadhara huu wanihusu nini? Wakuhusu, ndugu yetu. Lori lililolala ukingoni mwa barabara kuu bila ya taa wala pembetatu ya tahadhari ni swali lilelile. Gari lililoegeshwa siku ya Ijumaa mbele ya mlango wa jirani wa msikiti, huku mwenyewe akisema "ni saa moja tu, tena niko katika ibada", ni jawabu lilelile la "gari letu ni moja tu". Huyo jirani huenda ana mgonjwa ndani. Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Masahaba kuwa njia ina haki zake, na akahesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika matawi ya imani. Hatuwezi kuwa wenye kuondoa jiwe njiani kwa mkono wa kulia, kisha tukaweka tani mbili za chuma mahali pake.

Basi ndugu zetu wa Uingereza tunawajibu hivi. Safirini, kwani kuutazama uumbaji wa Allah (s.w.) ni jambo jema. Kabla ya kuondoka, tafuteni mahali pa kulala kama mnavyotafuta mahali pa kusali. Mkikuta kibao, kisomeni. Kikikataza, ondokeni kabla ya kuwatandikia watoto vitanda. Mkiona kimewekwa kwa dhulma, andikeni barua mkifika nyumbani, na muwe wengi katika kuandika. Na mlipolala kwa ruhusa, ondokeni pakiwa safi kuliko mlivyopakuta, ili mwenyeji akiliona gari jingine la Waislamu lifungue njia ya salamu wala si ya kibao kipya.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa wenye kutimiza ahadi mchana na usiku, awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, na awape viongozi uadilifu katika yale wanayoyakataza na yale wanayoyaruhusu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.